Istilahi za Usukani wa Pikipiki: Uhakiki wa Tafsiri Moja

Tumezoea katika kurasa za namna hii kuhakiki kamusi, orodha za istilahi na tafsiri za vitabu vikubwa. Makala haya yanahakiki karatasi moja tu, iliyopigwa chapa pande mbili, upande mmoja Kiingereza na upande wa pili Kiswahili, ambayo niliikuta ndani ya boksi la vipuri vya pikipiki nililolinunua mjini Iringa. Sitalitaja duka wala mwagizaji wa vipuri hivyo, kwa kuwa makosa nitakayoyaeleza si yake peke yake. Nimeyakuta, kwa sura nyingine, katika maelezo ya pampu za maji, ya vinu vya kusaga na ya mabomba ya kunyunyizia dawa mashambani. Karatasi hii naichukua kuwa mfano kwa sababu naijua vizuri kuliko nyingine zote. Niliifuata nyumbani kwangu neno kwa neno, na nusura iniangushe.

Hapana haja ya kueleza kwa urefu kwa nini jambo hili liwahusu wafasiri na watumishi wa serikali. Mwaka 2010 zilitolewa kanuni za leseni za kusafirisha abiria kwa pikipiki na bajaji, na tangu hapo bodaboda ni kazi inayotambuliwa na sheria. Katika mji kama Iringa, uliokaa juu ya mwinuko na ambamo kwenda karibu kata yoyote ni kupanda au kushuka, pikipiki hubeba mwalimu, gunia la viazi, mbao, na mgonjwa aliyetoka kijijini alfajiri. Wenye vyombo hivyo wengi hawana uwezo wa kumlipa fundi kila mara. Hujitengenezea wenyewe uani, jioni, wakiongozwa na karatasi kama hii. Kwa hiyo Kiswahili cha karatasi hii husomwa na mtu mwenye spana mkononi, ambaye hana kamusi wala muda wa kujadiliana na mfasiri.

Kwanza yafaa msomaji ambaye hajapata kufungua pikipiki akielewe kifaa chenyewe. Mbele ya fremu kuna bomba fupi lililolala kidogo kuelekea nyuma. Ndani ya bomba hilo hupita mhimili wa chuma ulioshikamana na uma unaobeba gurudumu la mbele, na juu ya mhimili huo hufungwa usukani. Mhimili haugusani na bomba. Huegemea safu mbili za gololi zilizopangwa kwa mviringo, safu moja juu na nyingine chini. Na kila safu imebanwa kati ya vyuma viwili vyenye mfereji. Kimoja kimegongewa ndani ya bomba na hakigeuki kamwe. Cha pili kimevishwa mhimili, nacho hugeuka pamoja nao. Hivyo vyuma vyenye mfereji ni vinne, na safu za gololi ni mbili. Naomba hesabu hizo zishikwe, maana mgogoro wote wa majina umo humo.

Ulikaji wa kifaa hiki una tabia yake. Beringi ya gurudumu huzunguka mfululizo na hujisambazia grisi yake yenyewe. Ya usukani haizunguki. Hugeuka nyuzi chache kushoto na nyuzi chache kulia, na sehemu kubwa ya safari hukaa pale pale. Kila shimo la barabarani huzipigilia gololi zile zile mahali pale pale pa mfereji. Grisi husukumwa pembeni, chuma hukutana na chuma, na baada ya miezi mingi vishimo vidogo hujichimba, kila gololi na kishimo chake. Hapo mwendeshaji huhisi usukani unanasa katikati, kana kwamba unajitafutia mahali pa kulala. Dalili ya pili ni kinyume chake: usukani umelegea, na breki ya mbele inaposhikwa husikika mlio wa kugonga chini ya mikono. Pikipiki yangu ilikuwa na dalili zote mbili, na ndiyo maana nilinunua boksi lile.

Sasa tuitazame karatasi. Sehemu inayohusika, ilivyoandikwa upande wa Kiswahili, ni hii:

"Ondoa kichwa cha usukani. Toa mbio za juu na mbio za chini. Safisha mbio na uangalie kama zina mashimo. Paka mbio grisi kwa ukarimu. Kaza nati kabisa ili mbio zikae katika viti vyao, halafu rudi nyuma moja ya nane. Hakikisha hakuna mchezo."

Kosa la kwanza analiona kila mtu. Katika Kiingereza neno moja hutumika kwa mashindano ya kukimbia na kwa mfereji wa mviringo ambamo gololi hupita. Mfasiri alifungua kamusi, akachukua maana iliyotangulia, akafunga kamusi. Matokeo yake ni mbio ambazo huoshwa, hupakwa grisi na kuchunguzwa mashimo. Hali kadhalika "kwa ukarimu": Kiingereza husema hivyo kikimaanisha kwa wingi, bali katika Kiswahili mkarimu humkirimu mgeni, wala simjui mtu aliyepata kukirimu chuma. Makosa haya yanachekesha, na wahakiki wengi wangeishia hapo. Mimi naona ndiyo yasiyo na hatari. Msomaji akiambiwa "toa mbio za juu" hawezi kutii, kwa kuwa hajui afanye nini. Atasimama, atamwuliza jirani, au atakwenda kwa fundi. Tafsiri inayojidhihirisha kuwa mbovu inamwonya msomaji wake.

Hatari imo katika maneno yanayosomeka vizuri. Litazame "mchezo". Kitenzi kucheza, kwa maana ya kitu kilicholegea mahali pake, ni Kiswahili halisi kabisa. Jino linacheza kabla halijang'oka. Mpini wa jembe unacheza. Mguu wa meza unacheza. Mfasiri angeandika "hakikisha uma hauchezi", hata bibi yangu ambaye hakupata kupanda pikipiki angeelewa. Lakini akageuza kitenzi kuwa jina, na jina hilo limekwisha kushikwa na maana nyingine: mchezo wa watoto, mchezo wa kuigiza, mchezo wa kupeana fedha kwa zamu. Mtu mwenye kufikiri atakisia maana yake, ndivyo nilivyofanya mimi. Kubwa zaidi ni hili: upande wa Kiingereza una masharti mawili katika sentensi moja, kwamba uma usicheze na kwamba ugeuke kwa wepesi. Upande wa Kiswahili una sharti moja tu. La pili limeachwa. Nadhani mfasiri aliona yanapingana, maana kisichocheza, kwa jinsi alivyolielewa neno, kitawezaje kugeuka? Akachagua moja. Kumbe kazi yote ya kurekebisha usukani ni kupata mahali ambapo masharti hayo mawili yanatimia kwa pamoja.

Halafu "rudi nyuma moja ya nane". Kiingereza kinaelekeza kwamba nati ikazwe kwanza ili vyuma vikae barabara, kisha ilegezwe kwa moja ya nane ya mzunguko. Katika Kiswahili anayerudi nyuma ni mtu. Sentensi imesimama kisarufi, haina tashwishi kwa anayeisahihisha mezani, lakini imemhamisha msomaji badala ya kuilegeza nati. Nami nilikaa barazani nikajiuliza: moja ya nane ya nini? Ya hatua? Ya mita? Nikaamua kwamba ni kosa la mpiga chapa. Nikakaza nati kabisa kama nilivyoagizwa, nikahakikisha hakuna mchezo, nikafunga kazi.

Kesho yake nilishuka kwenda Ipogolo, mahali ambapo njia ya kutoka mjini huungana na barabara kuu ya Dar es Salaam na Mbeya. Ni mteremko wenye kona. Mwendesha pikipiki, kama mwendesha baiskeli, hudumu wima kwa kuusahihisha usukani kidogo kidogo bila yeye mwenyewe kujua. Usukani uliokazwa mno huikatalia mikono masahihisho hayo madogo, na kisha huyakubali yote kwa mkupuo. Pikipiki ikaanza kupepesuka kama mlevi anayetafuta mlango. Nilipunguza mwendo, nikashuka, nikaisukuma pembeni, na moyo ukatulia baada ya muda mrefu. Kutoka hapo nilirudi polepole sana hadi Mlandege, ambako mafundi wa pikipiki hufanya kazi kando ya njia.

Fundi niliyemwendea ni kijana ambaye wadogo zake nimewafundisha. Aliinua gurudumu la mbele kwa kuweka kreti ya soda chini ya injini, akausukuma usukani kwa kidole kimoja. Haukwenda.

"Mwalimu, umeukaza usukani kama nati ya gurudumu," aliniambia.

Nikamwonyesha karatasi, kwa kujitetea. Aliisoma kwa sauti, taratibu, bila kucheka, mpaka akafika pale. Kisha akauliza kwa upole, "Hizi mbio, mwalimu, ni zipi? Mimi hapa nina mabakuli na gololi tu."

Swali lile ndilo lililonifanya nirudi Mlandege mara nne zaidi, si kwa ajili ya pikipiki bali kwa ajili ya majina. Nitayaeleza niliyoyasikia, pamoja na sifa zake na kasoro zake, kwa maana sina nia ya kumfanya fundi kuwa mtume wa lugha.

Gololi halina mjadala. Ni neno la watoto wote waliopata kucheza vumbini, limo katika kamusi zetu, nalo hutaja kitu chenyewe bila kubabaisha. Bakuli nalo ni tamu: chuma kile kina umbo la bakuli lenye ukingo, na gololi hukaa ndani yake kama maandazi. Wengine husema kikombe, kama wasemavyo mafundi wa baiskeli. Ulikaji wa bakuli una kitenzi chake: bakuli limelika. Hapa lugha ya karatasi, yenye "mashimo", imeshindwa tena, kwa kuwa mtu anayetafuta mashimo hataviona vishimo vyenye kina cha unywele. Fundi alinifundisha kuvitambua kwa ncha ya kucha baada ya kuosha bakuli kwa mafuta ya taa. Ukucha ukinasa, bakuli limelika, wala haifai kubadilisha gololi peke yake, kwani gololi mpya zitaingia katika makaburi ya zile za zamani.

Kifaa kizima huitwa koni seti. Maboksi ya vipuri yanayotoka India huandikwa hivyo kwa Kiingereza cha huko, na yamkini ndiko neno lilikotoka. Katika jina hili Mlandege hapatupi mfano mwema. Mpangilio wake ni wa Kiingereza, kivumishi mbele na jina nyuma. Kiswahili kingesema seti ya koni, kama tusemavyo seti ya vikombe. Aidha jina hilo limemeza kila kitu. Mwanafunzi wa fundi akitumwa dukani na kuambiwa "beringi ya mbele", hurudi na beringi ya gurudumu. Akiambiwa "bakuli la juu", muuzaji humwuliza: la juu la wapi? Maana kwa mafundi wengi vyuma vyote vinne ni mabakuli. Safu ya juu ina bakuli la juu na la chini, na safu ya chini hali kadhalika. Kwa hiyo "bakuli la juu" laweza kuwa mojawapo ya vyuma vitatu, na nimesikia mabishano ya robo saa yaliyotokana na jambo hilo hilo. Mafundi wakongwe huepuka utata kwa kushika kitu na kukionyesha. Njia hiyo inafaa karakanani, lakini haifai katika karatasi, na karatasi ndiyo inayomfikia mtu wa Kilolo au wa Pawaga aliye peke yake uani kwake.

Hapa ndipo kazi yetu inapoanza, nayo ni ndogo kuliko tunavyoifanya. Tukiwa ofisini mara nyingi huanza na orodha ya Kiingereza kuanzia herufi ya kwanza hadi ya mwisho, tukatafuta kwa kila neno mwenzake. Orodha hiyo haituonyeshi kwamba kitu fulani kimo ndani ya kingine, wala kwamba kimoja hugeuka na kingine husimama. Mwaka 1987 Rajmund Ohly alitoa, chini ya Taasisi ya Uvumbuzi wa Uzalishaji ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kamusi ya msingi ya ufundi ya Kiingereza na Kiswahili. Kazi ya namna ile, iliyotengwa kwa ajili ya karakana na si kwa ajili ya darasa, ilitakiwa iwe na warithi wengi. Istilahi za darasa zimepata bahati zaidi. Mtoto wa shule ya msingi husema kani, msuguano, wenzo, egemeo na roda bila kusita, na baba yake anayefunga gurudumu nje ya dirisha la darasa hilo hana habari nazo.

Na tukumbuke baadhi ya maneno hayo yalikotoka. Roda ilikuwa kapi ya jahazi kabla ya kuingia katika kitabu cha sayansi. Usukani wenyewe ulikuwa ubao wa nyuma wa chombo, ukitumika majini. Ukapanda nchi kavu, ukawa wa motokaa, ukawa wa baiskeli, na leo ni wa pikipiki ya Iringa, mamia ya maili kutoka pwani. Hakuna kamati iliyouhamisha. Waliouhamisha ni watu waliotambua kwamba kazi ni ile ile, kukielekeza chombo, ingawa umbo limebadilika. Ndiyo sababu sioni haja ya kuchukua "stelingi" ya karakana, japokuwa inatamkwa kwa urahisi. Hapo neno la zamani linatosha, na mafundi wote niliozungumza nao wanalifahamu.

Kipimo hicho cha kazi ndicho ninachopendekeza kitumike kwa vyuma vyetu vinne. Vile viwili vilivyogongewa ndani ya bomba, visivyogeuka, viitwe bakuli: bakuli la juu na bakuli la chini. Vile viwili vinavyogeuka pamoja na mhimili viitwe koni: koni ya juu na koni ya chini. Mafundi wa baiskeli wamekuwa wakitofautisha hivyo kwa miaka mingi, na kwa hiyo hatumletei mtu yeyote neno asilolijua. Tunaligawa tu alilo nalo. Vitu vinne, majina manne, na muuzaji dukani hana la kuuliza. Seti nzima iwe seti ya koni.

Mwalimu mwenzangu wa hisabati amepinga. Asema koni tayari ina jina darasani, nalo ni pia, na kwamba tukiruhusu koni tutakuwa na maneno mawili kwa umbo moja. Hoja hii ni nzito, wala sitaki kuipuuza. Lakini chuma tunachokizungumzia si pia. Ni pete yenye mfereji kwenye ukingo. Imeitwa koni kwa sababu ya nafasi yake katika kifaa, si kwa sababu ya umbo lake, na mwanafunzi aliyefundishwa kwamba pia ina ncha ataitafuta ncha hiyo bure. Liko na tatizo la matumizi. Andika "safisha pia ya juu, pia ya chini" katika karatasi iliyojaa maelekezo, uone wasomaji wangapi watasoma kwamba na ya chini pia isafishwe. Katika orodha ya istilahi, iliyopangwa neno moja moja, tatizo hilo halionekani. Katika sentensi linaonekana papo hapo.

Kuhusu bomba la fremu, karatasi imesema "kichwa". Waingereza wameona kichwa. Wengi niliowauliza walidhani ni taa ya mbele pamoja na mahali inapofungwa, na mmoja aliifungua taa hiyo yote bila sababu. Kiswahili kina shingo, kiungo ambacho kazi yake inayojulikana ni kugeuka na kubeba kilicho juu yake. Shingo ya fremu haihitaji maelezo. Shokapu na madigadi ningeyaacha kama yalivyo. Nimeona "kifyonza mshtuko" katika maelezo mengine, nalo si baya, ila hakuna mtu atakayekwenda dukani kuliuliza.

Nimeiandika upya sehemu ile, nikamsomea fundi, naye akaisahihisha mahali pawili. Naitoa hapa ili wasomaji nao waisahihishe:

"Inua gurudumu la mbele kwa kuweka kreti au gogo chini ya injini, na uhakikishe pikipiki haiwezi kuanguka. Fungua gurudumu, madigadi, usukani na shokapu. Fungua nati ya juu, kisha nati ya kurekebishia, huku umeushika mhimili kwa mkono wa pili usije ukadondoka. Tandaza kitambaa chini, kwa kuwa gololi zitamwagika. Gololi za safu ya juu na za safu ya chini huenda zikatofautiana kwa ukubwa na kwa idadi: ziweke katika makopo mawili, na uzihesabu. Osha kila kitu kwa mafuta ya taa. Pitisha ukucha katika mfereji wa kila bakuli na kila koni. Ukinasa, chuma hicho kimelika, badilisha seti nzima. Toa mabakuli ya zamani kwa kuyagonga kutoka ndani ya shingo kwa chuma kirefu, huku na huku kwa zamu, yasiende upande. Gonga mapya kwa kutumia bakuli la zamani kama kikalio, taratibu, mpaka mlio wa nyundo ubadilike. Koni ya chini hubana kwenye mhimili; ing'oe kwa tindo, na mpya ishushe kwa kipande cha bomba kinachoenea mhimili bila kuugusa mfereji. Jaza grisi katika mabakuli yote mawili. Katika bakuli la juu panga gololi ndani ya grisi hiyo. Safu ya chini ipange juu ya koni ya chini, grisi itazishika gololi zisidondoke. Rudisha mhimili, kisha rudisha usukani, shokapu na gurudumu. Kaza nati ya kurekebishia mpaka vyuma vikae barabara, geuza usukani kushoto na kulia mara kadhaa, halafu legeza nati hiyo kwa moja ya nane ya mzunguko. Sasa jaribu mambo mawili. Shika miguu ya shokapu, vuta mbele na sukuma nyuma: isicheze. Uweke usukani katikati, usukume kwa kidole: uanguke wenyewe upande wa kushoto, na vilevile upande wa kulia. Usipoanguka, umekaza mno. Ikicheza, umelegeza mno. Mambo yote mawili yakitimia, kaza nati ya juu, kisha jaribu tena, kwa sababu nati ya juu ikikazwa huongeza mbano."

Masahihisho ya fundi yalikuwa haya. Nilikuwa nimeandika "sawasawa" mahali pa "barabara", akasema sawasawa yaweza kuwa ulinganifu wa pande mbili, na yeye ataka msomaji aelewe kwamba chuma kimefika mwisho. Na alitaka iongezwe sentensi kwamba nyaya za klachi na za mafuta zisiuzuie usukani wakati wa kujaribu, maana waya uliobana hudanganya, mtu akalegeza nati isiyo na kosa. Sentensi hiyo haimo katika Kiingereza cha karatasi. Sijaamua kama mfasiri ana haki ya kuiingiza. Nafsi yangu inasema anayo, ilimradi aonyeshe kwamba ni nyongeza.

Maelekezo yangu ni marefu mara sita kuliko ya karatasi, na mwagizaji atalalamika juu ya gharama za kupiga chapa. Urefu huo haukuletwa na Kiswahili. Kiingereza cha upande wa pili kiliandikwa kwa ajili ya mtu ambaye amekwisha kufundishwa kazi, na kufupisha huko kulikuwa na msingi. Kilipofasiriwa kwa ajili ya mtu wa uani, msingi ukabaki ng'ambo. Aliyempa mfasiri karatasi hiyo bila kumpa na kifaa chenyewe akishike, ana sehemu yake katika lawama.

Limebaki neno moja lililonishinda. Wako wenye pikipiki wanaoziondoa gololi kabisa na kutia mahali pake rola nene upande mmoja na nyembamba upande mwingine, zilizofungwa pamoja ndani ya fremu yake. Rola hubeba uzito kwa mstari mzima wala si kwa nukta moja, kwa hiyo haichimbi vishimo upesi, na hakuna cha kumwagika. Mlandege huziita tepa. Rola za mshazari halifai, maana rola yenyewe ndiyo yenye umbo hilo, hata ikilazwa wima. Hapa nadhani mwalimu wa hisabati ana haki aliyonyimwa pale juu: rola hiyo ni pia iliyokatwa ncha, na kuiita rola pia kungelipa neno la darasa kazi ya kufanya. Nilimpelekea fundi pendekezo hilo Jumamosi iliyopita. Alilitamka mara mbili, akaligeuza boksi lililokuwa rafuni, akasema kwanza atamtuma mwanafunzi wake dukani nalo, aone atarudi na nini.